Uchaguzi wa Bunge la Idaho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo tunaulizwa kila mwaka wa uchaguzi na ndugu zetu wa Boise, Nampa na Twin Falls hapa Idaho, Marekani, wengi wao Wakongo na Warundi waliopita kwenye makambi ya Tanzania na Uganda kabla ya kufika huku. Neno moja kabla hatujaanza: humu ndani tukisema "jimbo" ni Idaho nzima, sio jimbo la mbunge kama Watanzania walivyozoea. Eneo la mbunge tutaliita "wilaya ya uchaguzi".

## Mambo ya msingi

Idaho ni nchi ya chama kimoja kama ilivyokuwa kwetu zamani?

Hapana. Enzi za Mobutu kule Kongo ulikuwa mtu wa chama cha MPR upende usipende, Tanzania nako mpaka 1992 chama kilikuwa CCM peke yake kwa mujibu wa sheria. Hapa hamna sheria kama hiyo, vyama vinavyotambulika viko vinne na yeyote anaruhusiwa kushindana. Ila ukiangalia matokeo utadhani ipo. Uchaguzi wa 2024 Republican walipata viti 61 kati ya 70 vya Baraza la Wawakilishi na 29 kati ya 35 vya Seneti, na gavana ni wao, na walikuwa hivyo hivyo miaka mingi tu.

Haikuwa hivi siku zote lakini. Gavana wa mwisho wa Democrats, Cecil Andrus, alitoka madarakani Januari 1995, na uchaguzi wa 1990 Seneti ilitoka sare kabisa 21 kwa 21. Kwa hiyo wazee wa hapa wanaikumbuka Idaho nyingine. Vijana wengi, na sisi tuliokuja juzi, hii ndo tumeikuta.

Bunge la jimbo linafanya nini? Si kuna bunge la Washington?

Lipo la Washington, na lipo la Boise, makao makuu ya jimbo, na mambo mengi yanayokugusa mfukoni yanaamuliwa Boise. Pesa za shule za watoto, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) nani apate, kodi ya majengo, sheria za wapangaji. Ukinunua unga na mchele dukani unakatwa kodi ya asilimia 6, alafu unarudishiwa kidogo ukijaza fomu za kodi za mwaka, hiyo ni kazi ya bunge la jimbo, na 2025 walipandisha marejesho yakafika dola 155 kwa mtu. Kima cha chini cha mshahara ni 7.25 kwa saa, na 2016 bunge hilo hilo lilipitisha sheria kuzuia miji isipandishe chake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi siasa hainihusu", muulize analipwa ngapi kwa saa.

Wanakaa kuanzia Januari, kwa kawaida mpaka Machi au Aprili, basi wanarudi makwao. Sio kazi ya kudumu, wengi ni wakulima, mawakili, wafanyabiashara, wastaafu.

Wabunge wako wangapi na mimi nachagua wangapi?

Jumla 105. Jimbo limegawanywa wilaya za uchaguzi 35, na kila wilaya inatoa seneta mmoja na wawakilishi wawili. Wewe unapiga kura tatu za bunge: ya seneta, ya mwakilishi wa kiti A na ya mwakilishi wa kiti B. Hapa watu wanachanganyikiwa sana, wanadhani A na B ni timu moja au wanachukua wawili wa juu. Hapana, kila kiti kina mashindano yake, na mnaweza kabisa kumchagua wa chama hiki kiti A na wa chama kile kiti B.

Muhula ni miaka mingapi, na kuna ukomo?

Miaka miwili, wote, hata maseneta. Yaani kila mwaka unaogawanyika kwa mbili (2024, 2026, 2028) bunge zima linarudi kwa wananchi. Ukomo hamna. Ulikuwepo: 1994 wananchi walipiga kura wakaweka ukomo, ikafika 2002 wabunge wenyewe wakaufuta, gavana akapiga veto (akaikataa sheria yao), wakaipindua veto. Gavana alikuwa wa chama chao. Hii tunaitaja sana kwa sababu inafundisha jambo tutakalolirudia huko chini, kwamba ugomvi mkubwa Idaho uko ndani ya chama kimoja.

Nitajuaje wilaya yangu namba ngapi?

Ingia VoteIdaho.gov, andika anwani, itakutajia. Usimuulize jirani, mpaka unaweza kupita katikati ya barabara yenu, wewe uko 16 yeye yuko 17. Na ukihama nyumba hata mtaa wa pili ubadilishe anwani ya kura.

Mipaka inachorwa na tume ya raia sita, Republican watatu na Democrats watatu, baada ya kila sensa. Kwa hiyo ile lawama ya kwamba chama kikubwa kimejichorea ramani kinavyotaka, Idaho haishiki sana. Wanashinda kwa sababu watu wengi wanawapigia, ndo ukweli wenyewe.

## Nani anaruhusiwa

Nina grinikadi, nalipa kodi, naweza kupiga kura?

HAPANA. Tunaandika kwa herufi kubwa manake hili likikosewa halina msamaha mwepesi. Kura za jimbo na za taifa ni za raia tu. Mtu wa grinikadi akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutokujua, anaweza kunyimwa uraia, anaweza hata kufukuzwa nchini. Ukiletewa fomu, iwe ofisi ya leseni au nje ya duka na kijana mwenye tabasamu zuri, na wewe bado si raia, sema hapana asante, usisaini.

Mkimbizi anahesabiwa miaka mitano tangu siku aliyotua Marekani, sio tangu siku grinikadi ilipofika kwenye sanduku la barua. Wengi hawalijui hili wanasubiri bure mwaka mzima zaidi.

Nimeshaapa uraia, nafanyaje sasa?

Uwe na miaka 18, uwe umekaa Idaho na kwenye kaunti yako angalau siku 30. Unajiandikisha mtandaoni, au kwa karani wa kaunti, au siku ile ile ya kura kituoni ukiwa na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi. Ndiyo, siku ile ile, Idaho wanaruhusu, ingawa foleni yake utaisimulia.

Kwenye fomu utaulizwa chama. Usikipite hicho kisanduku haraka haraka, soma sehemu ya Mei kwanza.

Kingereza changu kidogo, na mama hajui kusoma kabisa. Tutapigaje?

Karatasi ya kura haiko kwa Kiswahili. Ila sheria ya taifa inamruhusu mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, aingie na msaidizi anayemtaka mwenyewe: mtoto wake, jirani, mtu wa kanisani. Wasioruhusiwa ni bosi wake au mtu aliyetumwa na bosi, na kiongozi au mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma na kuweka alama kama alivyoambiwa, hachagui. Tunawaomba vijana hapa, mama akisema jina usimwambie "huyo mbaya mama, weka huyu". Mwekee wake.

Njia nyingine ni kuomba karatasi ije kwa posta, mnakaa mezani na chai, mnasoma taratibu, yupo mtu wa kutafuta kwenye simu huyu mgombea ni nani. Kwa wazee hii ndo bora kuliko zote.

## Mei, mahali mambo yanapoamuliwa

Kwa nini kila mtu anasema uchaguzi wa kweli ni wa Mei?

Kwa sababu ni kweli. Jumanne ya tatu ya Mei kunafanyika kura za mchujo (Watanzania wanaziita kura za maoni), kila chama kinachagua nani atakibebea bendera Novemba. Sasa kwenye wilaya ambayo Republican anashinda kila mwaka kwa mbali, aliyeshinda mchujo wa Republican Mei ameshakuwa mbunge, bado kuapa tu. Ndugu zetu wa Kigoma au Tabora hili hawahitaji kufundishwa, wanajua vizuri maeneo ambayo ukipita kura za maoni za CCM umemaliza kazi. Tofauti ni kwamba hapa hamna vikao vya juu vya kukata jina lako baada ya kushinda, kura zikishahesabiwa zimehesabiwa.

Na Mei watu hawaendi! Novemba ya rais foleni inazunguka jengo, Mei unaingia unamkuta msimamizi anasoma gazeti. Kwa hiyo watu wachache wanamchagulia kila mtu mbunge, na wale wachache ni wale wenye msimamo mkali au wenye nia kali, ndo wanaokumbuka. Mgombea anayejua hilo anaongea lugha ya wale, sio yako wewe uliyelala.

Kwani siwezi kwenda tu Mei nikachukua karatasi ya Republican?

Zamani ungeweza. Chama cha Republican kikaenda mahakamani kikisema watu wa chama kingine wanakuja kuwachagulia wagombea, mwaka 2011 jaji wa shirikisho akawapa haki, bunge likabadilisha sheria, na tangu 2012 mchujo wao umefungwa. Anayepiga ni yule aliyeandikishwa Republican. Democrats wao wameacha mlango wazi kwa wasio na chama.

Mimi niko "bila chama". Nifanyeje?

Una njia tatu. Ukifika kituoni Mei unaweza kusema nataka karatasi ya Republican, watakuandikisha Republican pale pale na utapiga. Au uchukue ya Democrats ubaki bila chama. Au uchukue ile isiyo na chama ambayo kwa kawaida ina majaji tu, unamaliza dakika moja unarudi nyumbani, na ya wabunge hukuigusa.

Lakini aliyekwisha kuandikishwa chama kimoja akitaka kuhamia kingine hawezi kufanya hivyo siku ya kura, lazima awe amebadilisha kabla ya siku ya mwisho ya wagombea kurudisha fomu, ambayo inapita wiki nyingi kabla ya Mei, watu bado wanafagia barafu na hawawazi uchaguzi. Tarehe yenyewe inabadilika, iangalie VoteIdaho.gov ukishamaliza sikukuu za mwaka mpya. Tumeshaona mtu kaja na familia nzima kituoni, kaandikishwa Democrats na binamu yake bila kujua maana yake, akakwama hapo.

Nikiandikishwa Republican nimefungwa? Novemba nitalazimika kuwapigia?

Wala. Novemba karatasi ni moja kwa wote, kura ni siri, unachagua unayemtaka. Hakuna kadi ya kulipia, hakuna ada, hakuna mkutano wa kuhudhuria. Ila ujue jambo moja: chama ulichoandikishwa sio siri, kipo kwenye daftari ambalo watu wa kampeni wanaweza kulipata, ndo maana utaanza kupokea simu na barua mpaka uchoke. Ulivyopiga hakuna anayejua, umeandikishwa wapi wanajua.

Si ni unafiki kujiandikisha chama nisichokipenda?

Tunaulizwa hili hasa na watu wa kanisani, na linastahili jibu la heshima. Wapo wanaosema ni uongo, kujiandikisha ni kusema mimi ni wenu. Republican wenyewe wengi wanasema hivyo na ndo walivyokwenda mahakamani. Wapo wanaosema mbunge atakayenitungia sheria anachaguliwa Mei, kwa nini nikae nje ya mlango? Idaho nzima zaidi ya nusu ya waliojiandikisha ni Republican, wasio na chama ni wengi kuliko Democrats, na ndani ya hao Republican kuna kila aina ya mtu.

Sisi tunavyoona, kama wilaya yako mshindi anapatikana kwenye mchujo mmoja, basi piga kwenye huo mchujo, na umchague kwa moyo mweupe yule unayeona atafanya kazi vizuri. Kuingia ili umchague mbovu makusudi ashindwe Novemba, huo ndo ujanja wa kijinga, kwa sababu Novemba hashindwi, na utakaa naye miaka miwili.

Lakini kama wote ni Republican, si yale yale tu?

Hapana bwana, na 2024 ni ushahidi. Mei ile wabunge 15 wa Republican waliokuwa madarakani waliangushwa na Republican wenzao. Miongoni mwao alikuwa Chuck Winder, kiongozi wa Seneti nzima, na Megan Blanksma ambaye hadi mapema mwaka ule alikuwa kiongozi wa wabunge wa chama kwenye Baraza la Wawakilishi. Vita kubwa ilikuwa ni pesa za serikali kusaidia wazazi wa shule za binafsi, jambo ambalo lilikuwa linakwama bungeni, tena likikwamishwa na Republican wa vijijini ambako shule ya binafsi hata haipo.

Wakaja wapya. Februari 2025 gavana Brad Little akasaini sheria ya punguzo la kodi hadi dola 5,000 kwa mtoto wa shule binafsi, jumla dola milioni 50 kwa mwaka. Chama kilekile, gavana yuleyule, sheria ikapita. Uzuri au ubaya wake ni juu yako, sisi tuna wazazi wa pande zote mbili humu. Ila aliyelala Mei 2024 hakuulizwa.

## Novemba

Karatasi ina jina moja tu. Ya nini kupiga kura?

Ndo kupita bila kupingwa kwa mtindo wa hapa, na ni kawaida sana, hasa vijijini. Tofauti ni kwamba jina linabaki kwenye karatasi na kura zinahesabiwa, lakini hata akipata moja ya mkewe ameshinda. Unaweza kuacha wazi hiyo sehemu, haiharibu karatasi nzima. Unaweza kuandika jina la mtu mwingine, lakini halihesabiwi kama mtu huyo hakujitangaza rasmi mapema, kwa hiyo ukiandika jina la mchungaji wako umejifurahisha tu.

Nenda hata hivyo, karatasi ile ile ina mambo mengine, kuna makamishna wa kaunti na mara nyingine maswali ya kura ya wananchi (angalia swali la Medicaid hapo chini).

Democrats wanashinda wapi basi?

Boise yenyewe, hasa North End na katikati ya mji, alafu maeneo ya Sun Valley na Hailey kule Kaunti ya Blaine, na Pocatello. Mchezo unaogeuka kila mara uko pembeni mwa Boise, magharibi, huko ndo Novemba inakuwa na maana yake na huko ndo wagombea watakugongea mlango mpaka mbwa awazoee. Kama unaishi ndani ya Boise hesabu ya Mei inageuka: huenda mchujo wa maana kwako ni wa Democrats.

Wabunge 15 wa upinzani wanaweza kuzuia nini?

Kwa kura peke yao, hakuna kitu. Theluthi mbili, zile za kupindua veto ya gavana, ni 47 Baraza la Wawakilishi na 24 Seneti, na Republican wanazo hizo na chenji. Nguvu ya wachache inakuja pale wengi wanapogawanyika, na wanagawanyika sana kama tulivyosema juu. Muswada ukiwa na Republican nusu huku nusu kule, wale Democrats 9 wa Baraza la Wawakilishi na wale 6 wa Seneti ndo wanaoamua. Kwa hiyo mbunge wako akiwa Democrat usimdharau, na kumpigia simu kuna faida.

Wananchi wakitaka jambo na bunge halitaki?

Wanaweza kulipeleka kwenye kura wenyewe. Wanakusanya saini za asilimia 6 ya wapiga kura wa jimbo, na pia asilimia 6 hiyo ipatikane ndani ya wilaya 18 kati ya 35. Ndivyo Medicaid ilivyopanuliwa 2018: bunge lilikaa nalo miaka, wananchi wakalipitisha kwa karibu asilimia 61. Baadaye 2021 bunge likatunga sheria saini zitoke wilaya zote 35, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta mwaka huo huo.

Lakini sio kila linalopelekwa linapita. Novemba 2024 palikuwa na pendekezo la kufungua mchujo kwa wote, wanne wa juu waende Novemba na mpiga kura awapange kwa namba. Karibu asilimia 70 walisema hapana. Kwa hiyo mlango wa Mei bado umefungwa, na ni wananchi wenyewe waliokataa kuufungua.

## Kona kona

Mbunge akifa au akijiuzulu, kuna uchaguzi mdogo?

Hamna. Kamati ya chama chake ya wilaya ile inapeleka majina matatu kwa gavana, gavana anachagua moja. Na wajumbe wanaounda kamati hiyo wanachaguliwa mtaa kwa mtaa, lini? Mei, kwenye karatasi ile ile ya mchujo, na mara nyingi hakuna hata anayegombea nafasi hizo.

Nimesikia mbunge anaweza kumtuma mtu akae kwenye kiti chake. Kweli?

Kweli kabisa, na hata Wamarekani wa majimbo mengine wakisikia wanashangaa. Akiumwa au akipata dharura ya muda anateua mtu wa kumshikia, gavana anamthibitisha, na huyo mtu anapiga kura za bunge kabisa mpaka mwenyewe arudi. Kwa hiyo ukimwona mtu usiyemjua amekaa kiti cha mbunge wako usipige kelele, inawezekana ni binamu yake yuko halali.

Mbunge akihama chama anapoteza kiti?

Hapana. Tanzania chama kikikufukuza uanachama ubunge unakwenda nao, huku kiti ni cha mtu. Anahama leo, kesho anaingia bungeni kama kawaida. Wapiga kura wakimchukia watasubiri miaka miwili.

Nilizaliwa Uvira, naweza kugombea?

Ukiwa raia, ndiyo. Kuwa raia wa kuzaliwa kunatakiwa kwa rais na makamu wake, sio kwa mbunge wa Idaho. Uwe na sifa za mpiga kura na uwe umekaa ndani ya wilaya hiyo mwaka mzima kabla ya uchaguzi wa Novemba. Ada ya fomu ni dola 30, haijazi hata tenki la gari. Ukitaka kugombea bila chama unahitaji saini 50 za wapiga kura wa wilaya yako, na hapo huendi mchujo, unatokea Novemba moja kwa moja.

Saini kusanya zaidi ya 50, kaa hata na 80, manake wakizikagua kuna watakaokutwa wamehama, kuna walioko wilaya ya jirani, na kuna yule mjomba aliyesaini kwa furaha kumbe uraia bado.